Mpangaji Asiyeandikishwa

Mzee Elinami Mbwambo alianza kueleza shida yake kabla hajakaa vizuri kwenye kiti.

"Fundi, mimi nakumbuka pumzi," alisema. "Juzi nimekula nini, sikumbuki. Lakini pumzi nazikumbuka, moja baada ya nyingine. Na si zangu."

Tunsume Mwaipopo alikuwa na miaka sita katika karakana ya vipandikizi pale Same, na malalamiko ya ajabu hayakumshtua tena. Alikwishamhudumia mwanamume aliyesikia redio gotini, na bibi mmoja aliyeona rangi ya kijani kila alipokohoa. Alivuta kiti chake karibu.

"Si zako kwa vipi, mzee?"

"Mimi napumua polepole, kwa pua. Hizi ni fupi fupi, kama za mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani. Nikijilaza mchana, nikiamka nazikuta zimejaa humu." Akagusa paji la uso. "Na pale zilipojaa, kitu changu kimeondoka. Wiki iliyopita nilimpa maji mtu ambaye zamu yake ilishapita. Watu wakagombana mbele yangu, mimi nimesimama tu, sijui nimekosea wapi."

Mzee huyu ndiye aliyekuwa akishika ufunguo wa ndiva ya kijiji chake huko juu milimani, lile bwawa la kukusanyia maji ya mifereji. Yeye ndiye aliyejua leo maji yanakwenda shamba la nani, kesho la nani, mpaka msimu unakwisha. Hakuandika popote. Baba yake hakuandika, na yeye hakuona sababu ya kuanza.

Nyuma ya kiti chake alisimama binti yake, Nakiete, mwanamke wa miaka arobaini hivi, amevaa koti la kazi lililofungwa vifungo mpaka kooni ingawa upepo ulioingia dirishani ulikuwa wa moto.

Tunsume alifungua jalada. Miaka minne nyuma Mzee Elinami alipata kiharusi. Mambo yake ya zamani yote yalibaki salama kichwani, lakini ubongo ulipoteza njia ya kuhifadhi mapya. Akawekewa vifaa viwili. Cha kwanza kiliitwa kituliza, cha kuzuia mkono wa kulia usitetemeke. Cha pili kiliitwa kitunzi, nacho kilimshikia siku zake: alichoona, alichosikia, alichoahidi. Kitunzi kiliweza kushika siku kama mia nne, kisha za nyuma kabisa zikadondoka kupisha mpya.

Vifaa vyote viwili vilitumia kibao kimoja cha kumbukumbu, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kilichozikwa chini ya mtulinga. Ndani ya kibao mlikuwa na visanduku elfu sitini na tano na ushee, kila kimoja na namba yake, na namba hiyo ndiyo anwani. Kituliza kilipewa anwani mia tano za mwanzo. Kitunzi kilipewa zote zilizobaki. Vifaa havijuani; kila kimoja kinajua namba zake tu. Ikitokea viwili vikapewa namba ile ile, kila kimoja kitaandika juu ya maandishi ya mwenzake, na kila kimoja kitasoma ya mwenzake kikiamini ni yake. Mafundi wanaiita hali hiyo mgongano. Kazi ya Tunsume ilikuwa kuamua migongano hiyo, na mara nyingi ilikuwa kosa dogo la kiwandani, la kurekebishwa kabla chai haijapoa.

Akamwomba mzee alegeze kola, akaweka kisomaji juu ya mtulinga. Akaanza kuita namba moja moja na kusikiliza nani anaitikia.

Anwani mia moja: kituliza. Elfu mbili: kitunzi. Elfu sita: kitunzi.

Anwani elfu saba wakaitikia wawili.

Akaita tena. Wawili. Akaruka hadi elfu ishirini, kisha hamsini, kisha ya mwisho kabisa. Kote huko waliitikia wawili, na wa pili hakutaja jina.

Tunsume hakubadilisha uso. Kifaa cha namna hiyo, kisicho kwenye jalada, mafundi walikiita mpangaji asiyeandikishwa, na Tunsume alikwishakutana na wapangaji hao mara tatu. Mara moja alikuwa mjukuu aliyeficha picha za siri za watu kwenye kibao cha bibi yake. Mara nyingine mfanyabiashara aliyewajaza wazee wanne mizigo yake, wenyewe hawana habari. Mara zote tatu mhalifu alikuwa ndiye aliyemleta mgonjwa karakana, akiwa na sura ya huruma.

Kwa hiyo mtu wa kwanza aliyemtazama alikuwa Nakiete.

"Umeona nini?" Nakiete aliuliza.

"Bado naangalia."

"Ni kosa la kiwandani?"

Swali hilo Tunsume hakulipenda. Watu wa kawaida huuliza kama mgonjwa atapona. Hawaulizi habari za kiwanda.

"Inawezekana," alijibu. "Nisaidie kitu kimoja. Jalada hili halina karatasi ya upasuaji. Iko masjala, lile jengo la bluu upande wa pili wa soko. Ukienda sasa hivi utawahi kabla hawajaenda kula."

Nakiete hakusogea. "Nitamwacha na nani?"

"Na mimi."

"Siwezi kumwacha."

"Ni dakika ishirini tu, dada."

"Nimesema siwezi."

Mzee Elinami akacheka kidogo, kwa fahari. "Huyu haachani na mimi, fundi. Hata shambani tuko wote. Mwaka mzima huu hajalala nyumba nyingine. Majirani wanasema nimezaa mlinzi."

Mwaka mzima huu. Tunsume akaliweka neno hilo pembeni. Kifaa kilicho nje ya mwili kinaweza kuzungumza na kibao kwa mawimbi, lakini mawimbi hayo hayafiki hata mita mia mbili. Anayetumia kibao cha mtu mwingine hawezi kwenda mbali naye.

"Basi," alisema. "Mzee, nihadithie jambo lolote la mwezi huu unalolikumbuka vizuri. La kuchekesha kama lipo."

"La mwezi huu?" Mzee akafumba macho. "Lipo. Mbuzi wa Senzota. Senzota ni katibu wa kamati ya maji, mtu wa kujidai, anautaka ufunguo wangu mpaka anauota. Siku hiyo amesimama ukingoni mwa ndiva anatuhutubia habari za usafi wa maji, na nyuma yake mbuzi wake mwenyewe anateremka taratibu, anaingia, anaanza kuogelea..."

Alicheka mpaka mabega yakatikisika. Kwenye kioo cha kisomaji Tunsume aliona kitunzi kikisoma kwa nguvu kwenye anwani za juu, kikivuta ile siku yote. Na nyuma ya kiti Nakiete akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Mdomo wake ulikuwa wazi. Hakuna hewa iliyokuwa ikiingia.

"Ngoja kidogo, mzee," Tunsume alisema haraka. "Nihesabie moja mpaka kumi."

Mzee akahesabu. Kitunzi kikatulia. Nakiete akavuta hewa kwa sauti, akajifanya anakohoa.

"Endelea na yule mbuzi," Tunsume alisema.

Mzee akaendelea. Kwa mara ya pili mikono ile ikashika fremu, mishipa ya shingo ikatoka, na macho ya Nakiete yakamwelekea Tunsume moja kwa moja, yakimwambia kwamba ameelewa anachofanyiwa.

Tunsume akamsimamisha mzee. Hakuthubutu kurudia mara ya tatu, na alijisikia vibaya kwamba alirudia ya pili.

*

Walizungumza kwenye korido, mlango ukiwa umerudishiwa. Nakiete alifungua vifungo viwili vya koti bila kuombwa. Chini ya koo lake palikuwa na kovu refu, limepona vibaya.

"Kipumulio," alisema. "Nilikuwa fundi wa mitambo kwenye machimbo ya jasi, miaka kumi na minne. Lile vumbi jeupe likikuingia halitoki. Mapafu yakagoma, wakaniwekea hiki. Kinajifunza mapafu yangu: lini yanabana, lini yalegezwe. Kila mwezi kinajifunza zaidi, na kila mwezi kinataka nafasi zaidi ya kuandika. Kibao changu kilijaa. Nikaenda kuomba kikubwa. Niko namba mia mbili na kumi na mbili kwenye foleni, fundi. Waliniambia miaka miwili, labda mitatu."

"Ukaingia kwenye kibao cha baba yako."

"Nilikuwa na kisomaji cha kazini. Anwani za juu hazikuwa zikiandikwa wakati ule. Nilidhani kitunzi hakitazifikia."

"Kitunzi kinazunguka kibao chote. Lazima kingezifikia."

"Sasa najua."

"Alikubali?"

"Alikubali."

"Yeye mwenyewe hajui lolote."

"Kwa sababu siku ile aliyokubali iliandikwa humo humo," Nakiete alisema. "Kipumulio kikaja kuandika juu yake. Mimi sikutaka hivyo."

Tunsume alimtazama. Maelezo hayo yaliwezekana kabisa, na ndiyo yaliyomsumbua. Huenda ruhusa ilitolewa, na mwizi, kama ni mwizi, ndiye aliyeifuta kwa kupumua tu.

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Sisi wawili."

"Lini?"

"Jumapili, baada ya ibada."

"Mlikuwa wapi?"

"Jikoni. Nilikuwa namenya ndizi."

Majibu yalitoka bila kuchelewa, yamepangwa kama vyombo kabatini. Tunsume aliuliza maswali mawili zaidi, akapata majibu mawili zaidi ya namna ile ile, kisha akamwambia arudi ndani akae na baba yake, na asimwambie kitu.

Mkuu wa karakana, Bwana Mfinanga, alikuwa ofisini kwake akijaza ripoti ya mwezi. Tunsume alimweleza yote. Bwana Mfinanga alimsikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kalamu hewani.

"Utaratibu unaujua," alisema. "Mpangaji asiyeandikishwa anafutwa anwani, siku ile ile anayoonekana."

"Nikifuta, kipumulio chake kitarudi kwenye kibao kilichojaa. Akikaa kimya kitini ataishi. Akipanda ngazi, sijui. Akilala usingizi, sijui."

"Na usipofuta, mzee atabaki mtupu." Bwana Mfinanga akaweka kalamu chini. "Tunsume, mimi si mtu mbaya. Lakini fikiria. Leo tukimwacha huyu kwa sababu anaumwa, kesho kila mtoto mwenye shida ataingia kichwani mwa mzazi wake kutafuta nafasi. Na wazazi hawatatushtakia, maana hawatakumbuka."

Tunsume alikubali moyoni. Lilikuwa neno la kweli.

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo fomu ya kushirikiana kibao. Haijatumika hapa tangu nije. Mwenye kibao aambiwe yote, aelewe yote, akubali mwenyewe mbele yako. Leo. Habari za Jumapili ya mwaka jana mimi sizijui na wala sitaki kuzijua." Akachukua kalamu yake. "Na umwambie mzee ukweli. Usiurembe."

*

Alimwambia akiwa amekaa mbele yake, magoti yao yakikaribiana, bila kupunguza kitu. Kwamba zile pumzi ni za Nakiete. Kwamba sehemu tisa katika kumi za kumbukumbu yake mpya zinafutwa kwa maandishi ya kipumulio cha binti yake. Kwamba yeye akikumbuka jambo kwa nguvu, kitunzi kinazishika anwani zile, kipumulio hakiwezi kuzisoma, na binti yake anakosa hewa.

Mzee Elinami alianza kufunga kola yake, akaachia katikati.

"Mimi nilidhani ni Senzota," alisema. "Kila siku nilikuwa najiambia, Senzota kanifanyia kitu, ili aupate ufunguo. Nilikuwa nafunga mlango wangu kwa komeo kwa ajili yake." Hakugeuka. "Kumbe niliyekuwa namwogopa nilikuwa nimejifungia naye ndani."

"Baba, ulikubali," Nakiete alisema.

"Nilikubali?"

"Jumapili, jikoni. Nilikueleza hali yangu, ukakubali."

"Nilisemaje?"

"Ulisema, chukua, mwanangu. Ulisema wewe ni mzee, unataka nini na siku zote hizo."

Tunsume alikuwa akimtazama mzee. Alimwona akiyapokea maneno hayo kama mtu anayeonjeshwa chakula cha nyumba nyingine.

"Nilisema mwanangu?"

"Ndiyo, baba."

"Ulipotaka kwenda machimboni nikakukataza, ukaenda, mimi niliacha kukuita mwanangu," mzee alisema. "Siku hiyo naikumbuka, haiko kwenye kibao cha mtu. Tangu siku hiyo nakuita Nakiete. Mama yako alinibembeleza mpaka anakufa, nikashindwa. Hata ulipotoka hospitali na hicho kidude shingoni nilitaka kulisema, likagoma. Ningelisema jikoni, juu ya maganda ya ndizi?"

Nje upepo ulisukuma dirisha likagonga ukuta mara mbili. Hakuna aliyenyanyuka kulifunga.

"Niulize tena, Nakiete. Uliniuliza?"

Nakiete alikaa chini, si kwenye kiti, chini kwenye sakafu, mgongo ukiegemea mlango.

"Hapana," alisema. "Ulikuwa umelala mchana. Nilikaa na kile kisomaji mkononi nusu saa nzima nikisubiri uamke nikuulize. Ukageuka upande, mtulinga ukawa juu. Nikaogopa ukiamka utakataa."

"Ningekataa."

"Najua."

"Ningekataa," mzee alirudia, na safari hii alisema kama mtu anayejishtakia mwenyewe. "Ningekuambia, nilikukataza, hukusikia. Ningekuacha uhangaike na hewa ili nionekane nilikuwa sahihi." Akamgeukia Tunsume. "Fundi, ukimtoa leo, anakufa?"

"Sijui, mzee. Anaweza asife. Lakini siwezi kukuahidi."

"Na akibaki?"

"Nitakipunguza kitunzi kibaki na anwani za chini tu. Mgongano utakwisha, zile pumzi hutazikumbuka tena, na yeye hatakabwa ukicheka. Lakini utabaki na siku arobaini. Kila siku mpya ikiingia, ya arobaini na moja inadondoka. Mpaka yeye apate kibao chake."

"Msimu wa maji ni miezi minne."

"Ndiyo."

"Basi ufunguo ni wa Senzota," mzee alisema, akatabasamu kwa uchungu. Akamalizia kufunga kola yake, taratibu. Tunsume alimwacha. Aliona ni haki yake kuchelewa.

Kisha mzee akasema, "Simama."

Nakiete akasimama.

"Hukuniuliza. Sasa niulize."

"Baba..."

"Niulize kama mtu anavyomwomba mtu."

"Baba, naomba nafasi kwenye kibao chako. Sina pa kwenda."

"Chukua," alisema Mzee Elinami. Hakuongeza neno jingine nyuma yake.

*

Fomu ilikuwa na ukurasa mmoja tu. Kabla ya kumpa kalamu, Tunsume alimweleza jambo moja ambalo halikuwa kwenye fomu.

"Mzee, kwenye zile anwani za kituliza kuna visanduku vinane ambavyo havitumiki kamwe. Vikiandikwa kitu havifutiki. Naweza kukuwekea humo sentensi moja. Moja tu, maneno saba au manane. Hiyo utaikumbuka hata siku ya leo ikishadondoka."

Alikuwa amefikiria ni jambo la wema. Alipoona nyuso zao ndipo alipoelewa amewapa mzigo.

"Maneno manane," mzee alisema.

"Andika kwamba nilikuibia," Nakiete alisema. "Fundi, mwandikie hivyo. Ni haki yake kujua."

"Nikuandikie nini, mzee?"

Mzee alikuna kidevu. "Nikiandika kwamba aliniibia, nitakuwa naamka kila asubuhi na hilo. Ya leo nitayasahau, kwamba nilimsamehe, kwamba aliniomba, nitasahau mambo yote isipokuwa wizi. Nitakaa nyumba moja na mwizi mpaka nife, na yeye hana pa kwenda zaidi ya mita mia mbili."

"Lakini ndio ukweli," Nakiete alisema.

"Ni ukweli wa mwaka jana. Leo nimekupa. Na huo ni ukweli." Akamgeukia Tunsume. "Andika: Nafasi hii nimempa Nakiete mimi mwenyewe, kwa hiari."

Tunsume alihesabu maneno kwa vidole. Yalitosha. Vidole vilikaa juu ya vitufe bila kuandika. Kila neno katika sentensi ile lilikuwa kweli, na bado alijua anaficha kitu ndani ya kichwa cha mtu, na kwamba baada ya siku arobaini watakaojua watakuwa watatu, pamoja na Bwana Mfinanga ambaye hakutaka kujua, na mzee mwenyewe hatakuwemo.

"Una uhakika, mzee?"

"Kumbukumbu ni ya nani, fundi?"

Akaandika.

Kisha akavizima vifaa vyote viwili, kitunzi na kipumulio, ili kila kimoja kianze upya na mipaka yake mipya. Kwa dakika moja na nusu Nakiete alipumua kwa mapafu yake mwenyewe, ameketi wima kitini, mikono juu ya magoti, jasho likimtoka. Mzee alimshika kiwiko. Kipumulio kilipowaka, Tunsume aliita anwani elfu saba.

Akaitikia mmoja, akataja jina.

*

Walirudi kwa ukaguzi baada ya miezi mitatu. Mzee Elinami aliingia peke yake. Nakiete alibaki nje kwenye benchi la korido. Tunsume alimwona kupitia mlango ulio wazi, kola ya gauni iko wazi, anapumua vizuri kabisa, ameinamia simu ambayo haikuwa imewaka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wanasema wewe ndiye fundi wangu."

"Ndiye mimi. Pumzi zile bado unazisikia?"

"Pumzi gani?"

Tunsume akaridhika, akaweka kisomaji. Anwani zote ziliitikia sawasawa. Mzee alizungumza wakati wote wa kupimwa: Senzota sasa anagawa maji na anaandika kila kitu kwenye daftari, watu wanamcheka lakini hawagombani. Ufunguo hakumbuki aliutoa lini. Aliambiwa aliutoa mwenyewe.

"Lakini kimoja nakijua bila kuambiwa," alisema. "Hiki kibao nafasi yake nimempa Nakiete mimi mwenyewe, kwa hiari. Kila nikiamka nakuta hilo liko pale. Linanipa raha, fundi. Katika uzee huu mtu anapenda kujua alifanya jambo moja la maana."

"Ni kweli, mzee. Ulilifanya."

Mzee akafunga kola yake polepole, kifungo kwa kifungo.

"Sasa nisaidie kitu. Huwa namwambia Nakiete, wewe, unajua nilikupa kwa hiari? Najua nimeshamwambia mara nyingi, wajukuu wananiambia. Ananijibu, najua, baba. Ananishukuru. Lakini hanitazami usoni." Akaelekeza kidevu mlangoni. "Mtu aliyepewa kitu kwa wema kwa nini asitazame?"

Tunsume alikuwa akikunja waya wa kisomaji. Aliukunja ukaisha, akaufungua, akaanza upya.

"Na wewe pia," mzee alisema, bila ukali. "Tangu niliposema neno hiari hujaniangalia."

Kwenye korido Nakiete alikuwa ameinua kichwa. Alikuwa akisikiliza.

Tunsume aliweka waya chini, akainua macho, akamtazama Mzee Elinami usoni. Uso ule haukuwa na hasira wala woga. Ulikuwa unasubiri tu.

"Mzee," alisema, "sentensi hiyo ni ya kweli, ila si ukweli wote. Sentensi zilizobaki hazikuingia. Anazo Nakiete, na ni yeye wa kuzisema."

Mzee akageuka kuelekea mlangoni na kuita jina la binti yake. Nakiete akainuka kwenye benchi, akaja mpaka kizingitini, akasimama pale, na kwa mara ya kwanza akamtazama baba yake.

"Kaa hapa," Mzee Elinami alisema, akimsogezea kiti. "Nina siku arobaini. Anza."